Makubadhi kwa Mzee Pazi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Atakayepiga chapa karatasi hizi atapata tabu, kwa sababu herufi zangu zinalala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na penye "r" huenda nimeweka "l", kwa kuwa ndivyo midomo yetu ilivyozoea huku kwetu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo sikuandika kitu kirefu kuliko barua ya rambirambi. Ukurasa mmoja hunichukua muda wa maharage kuiva. Lakini nisipoandika sasa, jambo hili nitakwenda nalo, na naamini yuko mtu mahali fulani anayejua kipande chake ambacho mimi sikijui.

Mwezi uliopita nilikuwa hospitali, Kitete, nimekaa kwenye benchi nikisubiri kupimwa presha. Nesi alipoita "Chausiku Mrisho" nikainuka, na mama mmoja aliyekaa karibu yangu, mguu umefungwa bendeji, akanishika mkono. Akasema, "Dada, samahani. Hukupata kwenda ziara ya Ujiji kwa miguu, zamani, mwaka wa operesheni? Una shangazi mnene kidogo, mwenye maneno?" Nikamwambia ndiyo, ila shangazi yangu alishafariki. Akasema, "Mimi ni Mwanahawa, mjukuu wa Mzee Pazi. Makubadhi ya shangazi yako yapo. Yako nyumbani kwangu, yametundikwa ukutani." Nilikaa tena kwenye benchi. Nesi aliniita, akaniita tena, mwisho akamwita mtu mwingine.

Ziara ile ilikuwa juu yangu mimi. Nilipokuwa mdogo nilishikwa na degedege, na watu walikwisha kuanza kuulizana nani ana sanda. Shangazi Mwamini, aliyenilea, akasimama mlangoni akasema mbele ya majirani kwamba nikipona atanipeleka Ujiji, kwenye kaburi la Sheikh wetu, kwa miguu yake na yangu, bila kupanda chombo chochote. Nikapona. Yeye akaahirisha mwaka huu, akaahirisha na mwingine, mara biashara ya karanga, mara mvua, mara msiba. Lakini kila nilipopata homa alinitazama kama mtu anavyokitazama kitu cha kuazima. Alikuwa akiniambia, huku ananisuka, "Roho yako ni amana, Chausiku. Mwenyewe hajaja kuidai, lakini nyumba anaijua." Mtoto ukikua na neno kama hilo, huwi mtu wa kelele. Nilikuwa msichana mrefu, mwenye aibu, ninayejibu kwa kichwa.

Nilipomaliza shule bila kuchaguliwa, Shangazi akasema sasa hakuna udhuru. Miaka mingine watu wa ziara walitoka Tabora kundi zima, na bendera na dufu, wanasindikizwa mpaka nje ya mji. Mwaka ule watu walikuwa na hofu. Ilisemwa kwamba operesheni imeanza, vijijini kote watu wanahamishwa, wanapelekwa vijiji vya Ujamaa, na kwamba barabarani si mahali pa kuonekana huna shughuli. Siku ya kuondoka tulijikuta watatu tu: Shangazi, mimi na Fundi Kassimu, mshona makubadhi wa sokoni, mzee mwembamba aliyebeba dufu mgongoni kama gamba la kobe. Fundi ndiye aliyemshonea Shangazi makubadhi mapya ya safari, ngozi nyekundu laini, yana ua la uzi mweupe juu. Shangazi naye alikuwa amedarizi kitambaa cha kijani cha kufunikia kaburi, na pembeni kabisa akaandika jina langu kwa uzi mdogo, ili Sheikh ajue amana ni ya nani.

Nyumba za kulala tuliziita makambi. Ni neno la misafara ya zamani, ya pembe na chumvi, na makambi yenyewe yalikuwa pale pale yalipokuwa enzi hizo: mwendo wa siku moja, kisima, mwendo wa siku moja, kisima. Hayakuwa na kibao wala malipo. Ilikuwa nyumba ya mtu ambaye babu yake alipokea wapita njia, na baba yake akapokea, na yeye hakujua namna ya kuacha. Fundi, aliyekwisha kwenda ziara mara nyingi, aliyajua kama mtu anavyojua shanga za tasbihi yake. Alituambia mapema, "Kambi ukiikosa moja, umekosa maji ya siku nzima. Kwa hiyo tusijifanye hodari. Tunalala wanapolala watu."

Kambi ya kwanza ilikuwa bani la tumbaku, banda la kukaushia majani yake kwa moto. Mwenyeji alikuwa ameshauza tumbaku yake, bani likabaki tupu, na humo ndimo alimowalaza wageni, juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye udongo uliokaushwa na moto mpaka ukawa mwekundu. Harufu ilinipanda kichwani hata nikaota nimelewa. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na maziwa ya mgando, na wenyeji wakaongea nje ya ukuta kwa Kinyamwezi, polepole, wakidhani tumelala. Mume alisema msimu ujao hajui bani hili litakausha tumbaku ya nani. Mke akamwambia anyamaze, ukuta una wageni. Kambi nyingine ninayoikumbuka ni ya Mama Elia, mjane wa Kimoravian, upande wa Urambo. Huyu alikuwa na sufuria ya Waislamu. Aliitundika peke yake, imesuguliwa inang'aa, haikupata kuguswa na kitu chochote cha haramu, na kuku alikwenda kuchinjwa na jirani Mwislamu. Alitupa chumba chake mwenyewe, chenye kitanda cha kamba na picha ya Bwana Yesu aliyoigeuza uso kwa ukuta ili tusione vibaya. Shangazi akairudisha ilivyokuwa, akasema, "Mwache na yeye atuone, sisi wageni wake." Asubuhi Mama Elia alitusindikiza mpaka mwisho wa shamba lake. Hakuaga kama watu wanavyoaga. Alimshika Shangazi mikono miwili akasema, "Mkirudi, dada, mkinikosa, sufuria mtaikuta kwa mtu mwingine. Ulizeni sufuria."

Tangu hapo pori lilibadilika. Ilikuwa kiangazi, moshi ulikuwa kila upande, na mara kwa mara tulipita mizinga ya nyuki iliyoangushwa chini, mitupu, asali imekombwa haraka haraka na mtu asiyetarajia kurudi. Fundi aliacha kupiga dufu. Alisema mkono unamuuma.

Kwa Mzee Pazi tulifika jioni, jua bado liko juu ya miti. Huyu alikuwa Mzaramo. Babu yake alikuja na msafara kutoka Pwani akabaki pale, na ukoo mzima ukabaki Wazaramo katikati ya Unyamwezi, wanaokula nsansa, mboga yetu ya majani, na kuota nazi. Kila mtu anajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Atakutukana na huwezi kukasirika, atakunyang'anya kitu chako na ni juu yako kukikomboa. Mzee Pazi alikuwa kibarazani. Akatuona, akasema kwa sauti, "Nani kaacha zizi wazi? Naona punda wa Mwarabu wamekumbuka njia."

Shangazi hata mzigo hakutua. "Na wewe Mzaramo, bado upo? Tulidhani umeshafuata nazi zenu. Babu yako mzigo ulimshinda hapa hapa, na wewe ukarithi uvivu na uwanja."

"Mzigo haukumshinda. Alibaki ili apatikane wa kuwazika Wanyamwezi wakichoka."

"Utanizika wewe, na meno hayo mawili?"

"Kuzika hakutaki meno." Akanigeukia mimi. "Na huyu mrefu, ana ulimi, au mmeuweka rehani njiani?"

Nikamwamkia, "Shikamoo babu," kwa sauti ndogo, naye akaitikia marahaba, akacheka, tukaingia. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ya tembe, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba vya wageni huku na huku. Chumba kizuri, chenye kitanda na chandarua, kilikuwa na mtu. Alikuwa kijana aliyevaa suti ya Kaunda ya kijivu, kalamu mfukoni, amekuja kwa kazi ya operesheni. Alitusalimu vizuri. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri watu hao wangekuwa, na alikuwa na mafua. Kuku alichinjiwa yeye, sisi tukala ugali wa muhogo na nsansa ya karanga, na mjukuu wa mzee, kitoto cha kike chenye macho makubwa, akatuletea maji ya kunawa. Ndiye huyu Mwanahawa. Mimi na Shangazi tulipewa chumba kilichopakana na ukumbi. Ukuta ulikuwa na ufa, na nilikuwa nimelala ubavu upande wa ufa, nikasikia yule kijana akiuliza, mfupa wa kuku mdomoni, "Hawa wanakwenda wapi?"

"Kaburini," akasema Mzee Pazi.

Kijana akacheka. "Wote watatu?"

"Wote watatu, bwana mkubwa. Ndiyo safari yao."

"Sawa. Lakini asitokee mtu wa kuwatia hofu watu njiani. Kuna wazee wanazunguka wanasema operesheni hii mbaya, fulani kahamishwa, fulani kavunjiwa. Nikimpata anayesema hivyo, atakwenda kuyasemea ndani."

"Mimi sisemi kitu, bwana mkubwa," akasema Mzee Pazi. "Mimi ni mtu wa utani tu."

Asubuhi tulifunga mizigo. Yule kijana alikuwa kibarazani anakunywa uji. Shangazi akatafuta makubadhi yake mlangoni, hayapo. Akainua macho akamwona Mzee Pazi amesimama uwanjani, ameyabana kwapani. "Nimekamata," akasema. "Mnyamwezi hatoki hapa."

Watu wakacheka, na Shangazi akacheka. Ilikuwa desturi. Akamwambia Fundi atoe tumbaku, Fundi akatoa. Mzee Pazi akatikisa kichwa. Shangazi akafungua kibuyu cha asali, akamwekea. Hakutazama. Akamwahidi jogoo wakati wa kurudi. "Sitaki," akasema. "Sitaki kitu. Kaeni. Kaeni hapa mniondolee upweke, mle mpaka mnenepe."

"Mtani gani wewe usiyekombolewa?" akauliza Shangazi, na kicheko kimeanza kumkauka.

"Mnakwenda wapi? Mbele hakuna nyumba. Mtalala mnahesabu nyota, simba awaimbie kaswida. Nyinyi ni watu wa kulala barazani kwa simba?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Hata yule kijana wa suti alicheka, akafuta pua. Mimi nilikuwa karibu na Mzee Pazi kuliko wote, na niliona kwamba yeye hacheki. Shati lake lilikuwa limelowa jasho chini ya kwapa, pale alipoyabana makubadhi, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Shangazi akamkodolea macho. Kisha akachukua mzigo wake, akautwika, akasema, "Nilizaliwa na viatu?" Akatoka, miguu mitupu. Mzee Pazi akabaki amesimama vile vile.

Njiani nilimwuliza, "Shangazi, mbona hakutaka kitu?"

"Wazaramo wa siku hizi wameharibika."

"Lakini mtani lazima apokee."

"Chausiku, leo ndiyo umeupata ulimi? Tembea."

Fundi alimpa katambuga zake za tairi, akakataa. Alikuwa mwanamke wa mjini, nyayo zake zilikwisha kuwa laini, na ardhi ya siku ile ilikuwa imeungua. Majani yaliyochomwa huacha vijiti vyeusi vilivyosimama kama misumari. Tulipita humo tangu asubuhi. Hakulalamika, ila aliacha kusema, na kwa Shangazi Mwamini kuacha kusema ndiko kulalamika. Nilikuwa nyuma yake nikiona alama za nyayo zake kwenye majivu, na baadaye alama zikawa na unyevu.

Kambi iliyofuata ilikuwa ya Bi Tausi, na Fundi alikuwa ametusifia njia nzima: nyumba yenye kivuli, kisima kitamu, mama mwenye kicheko. Tuliziona kuta kwanza. Paa hakuna. Miti ya paa ilikuwa imerundikwa uwanjani, na nyumba za pembeni hivyo hivyo, kuta zimesimama wazi zinatazama juu kama vinywa vya vifaranga. Kisima kilikuwa kimetupiwa magogo. Hakukuwa na mtu, wala mbwa, ila paka mmoja aliyekaa katikati ya kilichokuwa chumba na kututazama kama mwenyeji. Fundi aliita hodi. Sijui kwa nini aliita, lakini aliita, mara tatu, kama mtu mwenye adabu. Shangazi akakaa chini ukutani, akasema taratibu, "Mzaramo alisema."

Nikaweka mkono kwenye jiko. Majivu yalikuwa na uvuguvugu. Waliondoka siku ile ile. Kando ya mafiga palikuwa na kinu kilichopinduliwa, na juu yake jiwe. Mtu anayehama kwa haraka hapindui kinu akakiwekea jiwe. Nikakiinua. Ndani mlikuwa na bakuli la matobolwa lililofunikwa ungo mdogo, chumvi kwenye jani, na kibuyu cha maji kimejaa hadi shingoni. Bi Tausi alijua ni wakati wa ziara. Hakujua kama tutakuja, alijua tu kwamba huwa watu wanakuja. Nimelala katika nyumba nyingi tangu siku ile, na hotelini pia nimelala. Hakuna iliyonipokea kama ile isiyo na paa wala mwenyeji. Tuliziba mlango kwa miti, Fundi akawasha moto, na simba tuliwasikia kweli, mbali, upande wa mto.

Lori lilikuja asubuhi, kuchukua miti ya mapaa na waliosalia. Lilikuwa na watu tayari, na mbuzi, na milango. Wanamgambo wawili wakashuka. Mmoja akasema, "Hawa ndio waliojificha."

Fundi akaeleza kwamba sisi ni wasafiri, wageni wa njia, tunatoka Tabora.

"Wote ni wageni siku hizi. Pandeni."

"Mimi siruhusiwi kupanda gari," akasema Shangazi.

"Nani kakukataza?"

"Nimemwahidi Mungu."

"Mungu atakukuta kijijini, mama. Kule kuna hata zahanati itajengwa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Wakamwinua, mmoja huku, mmoja huku, kama gunia, na nyayo zake nikaziona kwa mara ya kwanza, nikageuza uso.

Watu waliokuwemo wakasogea wapate kumkalisha. Hakukaa. Alishika mbao za ubavuni mwa lori, na gari lilipoanza kwenda, akaanza kutembea. Alitembea pale pale aliposimama, mguu huu, mguu huu, juu ya bati, akitazama mbele. Kijana mmoja akacheka, akasema, "Bibi, utafika kabla ya gari?" Wengine wakacheka naye. Lori lilikuwa linaruka mashimo, yeye anaanguka magotini, anainuka, anaendelea. Kisha kicheko kikaisha. Bati lilianza kuwa na alama, na mwanamke mmoja akavua kanga yake ya juu akaitandika chini ya nyayo za Shangazi, na alipochoka kuishikilia isiteleze, mwingine akaishikilia. Mimi nilisimama karibu naye nikatembea pia. Nadhiri ilikuwa ya miguu miwili miwili. Tulitembea hivyo mpaka lori liliposimama.

Lilisimama kwenye uwanda uliofyekwa, umepigwa vijiti mistari mistari. Wakatuonyesha kijiti chetu. Huo ndio mwaka wangu ninaoukumbuka kuliko yote, mwaka wa kijiti kile. Tulikuwa watu wa njia tukawa wanakijiji, na hakuna aliyeweza kututofautisha, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anasema mimi si wa hapa. Jirani yetu wa kijiti cha pili alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Siku ya kwanza alituuliza tumelala wapi njiani. Shangazi akamwambia, "Kwa Bi Tausi, chini ya kinu." Yule mama akakaa chini akalia, kisha akacheka, kisha akauliza, "Chumvi ilitosha?"

Bi Tausi ndiye aliyeziuguza nyayo zile, kwa asali na majani, kila asubuhi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikupona, vikatoka. Kwenda Ujiji kwa miguu kukawa kumekwisha, na sote tulijua. Nilijifunza kuezeka, kufyeka, kuteka maji mbali. Mikutanoni, kwa kuwa Shangazi hakuweza kusimama, ilibidi nisimame mimi na kusema shida zetu, na sauti yangu ikaniogopesha, halafu ikaacha kuniogopesha. Lakini usiku wa homa nilikuwa nikimwona amekaa macho, ananitazama kwa yale macho ya kitu cha kuazima. Alianza kunipa vipande vikubwa vya chakula. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliishi kama mtu anayesikiliza hatua nje.

Kabla ya mvua, Fundi Kassimu alikuja akakaa mlangoni petu. Alisema amewaaga wanamgambo kwamba anakwenda Uvinza kuleta chumvi. "Nipe kitambaa," akamwambia Shangazi.

"Nadhiri ilikuwa ya miguu yangu na ya mtoto."

"Miguu yako ninayo mimi siku zote. Nani amekukatia soli?" Akatoa mfukoni uzi wa kushonea, akamwambia anyooshe mguu. Fundi wa makubadhi hupima hivyo: uzi kutoka kisigino hadi kidole, fundo, kuzunguka mguu, fundo jingine. Alimpima ule mguu wa kulia, mzima, akakata uzi. Akanigeukia, akanipima na mimi. Akavingirisha nyuzi zote mbili ndani ya kitambaa cha kijani, akakifunga kifuani. "Haya," akasema. "Nimewabeba, na hakuna aliyepanda chombo."

Nilitaka kwenda naye. Shangazi akasema asiyeweza kuteka maji haachwi peke yake, na ilikuwa kweli. Fundi aliingia porini na dufu lake mgongoni, upande wa magharibi. Mwaka ule simba walikuwa wamezoea vijiji vitupu, na kati ya pale na Uvinza palikuwa na Mto Malagarasi na makambi ambayo hatukujua ni mangapi yamebaki na paa. Alisema atarudi na mvua za kwanza. Mvua zikaja, zikaisha. Hatukusikia habari zake, si pale, si Tabora tuliporudi baada ya mavuno.

Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akichechemea kati ya nyumbani Ipuli na soko, na alikufa kitandani. Mara ya mwisho tulipozungumza jambo hili aliniambia, "Ukiona bado upo, huenda alifika." Baada ya kumzika nilikwenda Ujiji kwa treni. Mtunza kaburi alikuwa mgeni, aliniambia vitambaa vilivyochakaa hukatwa vipande vikagawiwa watu kwa baraka, na vya kijani ni vingi mno. Nikarudi.

Wiki moja baada ya Kitete nilikwenda kwa Mwanahawa. Makubadhi yalikuwa ukutani, mekundu bado, maana babu yake aliyapaka mafuta ya karanga kila kiangazi. Naye alihamishwa, baada yetu kidogo, na katika vitu vichache alivyobeba aliyabeba hayo. Alikuwa akisema kitu cha mtani hakitupwi, hakiuzwi, hakivaliwi. Mwanahawa akaniambia kwamba siku ile yule kijana wa suti aliondoka mchana. Mzee Pazi alijua kwamba kwa Bi Tausi kunavunjwa, akawa anataka tukae mpaka mchana tu, atuambie kwa maneno ya kawaida. Kijana alipotoweka, mzee alitufuata mbio, makubadhi mkononi, mpaka kwenye majani yaliyoungua, pumzi ikamwishia. Aliporudi alisema, "Nimewaambia yote, wakacheka. Utani wangu ni mzuri mno."

Nilimwuliza Mwanahawa niyakomboe kwa kitu gani. Akasema, "Babu hakutaka kitu. Alitaka mkae. Kaa basi." Nikakaa. Alipika ugali wa muhogo na nsansa, tukala, nikakaa mpaka jua likawa juu ya miti, na alipoona inatosha akainuka akayatungua, akanipa.

Nimeyavaa. Yananitosha, ila kidole kikubwa kinabana. Sasa ombi langu kwako wewe unayesoma. Kama wazazi wako walikuwa na nyumba ya kupokea wapita njia, kati ya Malagarasi na Ujiji, iwe na paa au haina, waulize, au ukumbuke mwenyewe kama ulikuwa mtoto wa kupeleka maji ya kunawa. Mwaka wa operesheni, kabla ya mvua, alilala kwenu mzee mwembamba mwenye dufu? Alikuwa na kitambaa cha kijani kifuani, na ndani yake nyuzi mbili zenye mafundo? Alitoka asubuhi akiwa mzima, na alishika njia ya wapi? Niandikie hata kama unachojua ni kibaya. Mwenye kuchapa kitabu hiki atanifikishia. Usione haya kwa mwandiko, nami ninasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho.